Mpaka Uliopita Katikati ya Kitanda

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepewa mamlaka! Mimi! Mtu ambaye juzi tu nilikunywa soda ya mteja mwingine mpaka tone la mwisho, kwa kuwa niliona haya kumwambia mhudumu kwamba si yangu. Halafu nikailipia.

Ilikuwa hivi. Mkutano wa wakazi, uani, viti vya plastiki. Jengo letu lina ghorofa tano na kamati ina wajumbe watano, kila ghorofa na wake. Lakini ghorofa ya chini siku hizi ni maduka matupu. Wanaolala huko ni Kinyozi na mkewe, basi. Ghorofa ya nne wamebanana kama njiti ndani ya kiberiti. Mkunga, ambaye amestaafu na bado anaogopwa kwa sababu nusu ya wakazi aliwapokea yeye mwenyewe wakiwa uchi, akasimama akauliza: inakuwaje Kinyozi na mkewe wawe na mjumbe wao, na ghorofa nzima ya nne iwe na mmoja vilevile? Watu wakaguna. Ikapitishwa: mipaka ichorwe upya, kanda tano, watu sawa kwa sawa, uchaguzi Jumamosi ya wiki ijayo.

Achore nani? Hapo ndipo pakawaka. Baba, mwenyekiti wa kamati na fundi wa friji, akasema kazi ya mikono aachiwe fundi. Mwalimu wa Kwaya wa ghorofa ya tano, mpinzani wake wa miaka yote, akasema fisi hakabidhiwi bucha. Baba akajibu kwamba heri fisi, anakula kimya, kuliko jogoo anayewika na yai hatagi. Mwalimu akasimama. Baba akasimama. Kiti kimoja kikaanguka. Nikaenda kukiinua.

Hilo ndilo kosa langu. Kinyozi akaninyooshea kidole. "Huyu hapa! Huyu hana upande. Namjua tangu ananyonya, sijamsikia akitoa neno." Mwalimu akapinga kidogo, kwamba mimi ni binti wa mwenyekiti, kisha akanitazama vizuri akakubali: huyu hata salamu huitikia kwa kope. Tena shuleni nasifika kwa kuchora ramani. Wakapiga makofi.

Wamedhani kuona haya ni kutenda haki!

Kumbe upande ninao. Upande wangu uko juu ya paa.

Kuna chumba kule, pembeni ya tangi la maji. Balbu moja, dirisha moja, meza ya miguu mitatu na tofali. Ufunguo hukaa kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amenipa mimi. Nyumbani nalala chumba kimoja na Bibi na wadogo zangu mapacha, Kurwa na Doto. Bibi anakoroma. Kurwa anaongea usingizini. Doto anamjibu. Na mwezi ujao nina mtihani wa kuzungumza kwa lugha ya shule, mbele ya walimu, bila karatasi. Nikifeli narudia mwaka mzima. Kuiandika lugha ile, naiandika kama ninayechota maji. Kuizungumza mbele ya mtu, koo linafunga. Mahali pekee duniani ninapotoa sauti ni kule juu. Nalihutubia tangi. Linasikiliza, halicheki, na mara mojamoja linaguruma kama linalokubali.

Mwalimu wa Kwaya anakitaka chumba hicho kwa mazoezi ya kwaya yake. Akipata wajumbe watatu kati ya watano, kimekwenda. Kwa hiyo Baba lazima ashinde. Sina nia mbaya. Nina nia ya chumba.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimehesabu wakazi. Nimepita mlango kwa mlango, bila kubisha hodi. Nilikuwa nasimama nje mpaka mtu atoke kumwaga maji. Mara mbili nimemwagiwa mimi.

Mama (anafanya kazi dobi la hospitali, siasa hana muda nayo) alikuwa anapiga pasi. Akaniambia mbona kazi yenyewe ndogo: anza mlango wa chini kabisa, panda ngazi, hesabu vichwa, ukifikisha idadi piga mstari, endelea. Usiangalie nani anamsalimia nani. Pasi haijapata moto, umemaliza.

Nikamtazama kwa huruma. Mama hakusoma jiografia.

Mimi nimegundua mbinu mbili, peke yangu, nikiwa nimekaa kule juu karibu na tangi. Ya kwanza: wapinzani wajaze wote ndani ya gunia moja. Watashinda kanda hiyo kwa kishindo, watashangilia, na kura zao zote za ziada zitakuwa mvua iliyonyesha baharini. Ya pili: watakaobaki nje ya gunia, wanyunyize kama chumvi, chembe hapa, chembe pale, wasikolee popote. Kanda ya Tano itakuwa gunia. Nne nyingine ni za Baba.

Nimecheka peke yangu. Tangi likaguruma.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijapata kupendwa hivi tangu nizaliwe. Kila mtu ananitaka faragha!

Wa kwanza Kinyozi. Kanikalisha kwenye kiti chake, kanifunga kitambaa shingoni, kaniita mdogo wangu. Ana jambo dogo. Anataka wateja wake wa kudumu wawe kanda yake, popote wanapolala. Mmoja yuko ghorofa ya tano! Nilitaka kumwambia haiwezekani. Wembe ulikuwa karibu na sikio. Nikasema sawa.

Kisha Baba. Nimempelekea chakula karakana, nikamkuta kichwa kimezama ndani ya friji la watu. Akasema kutoka mle mle: "Mwanangu, mimi sikwambii chochote. Kazi ni yako. Ila mlango wa bluu, ghorofa ya nne, wale wananisalimia vizuri sana." Akakaza kitu. "Mlango wa kijani hawanisalimii." Sawa.

Mume wa ghorofa ya tatu yuko upande wa Baba. Mkewe anaimba kwaya, sauti ya kwanza. Kila mmoja kaja kivyake, ananong'ona, anaomba asiwekwe kanda moja na mwenzake. Nikawauliza wote kwa macho: lakini si mnalala kitanda kimoja? Wote wakajibu kwamba hilo ni suala la mchoraji. Sawa. Sawa.

Hata Bibi! Hajamsamehe Mama tangu lile sufuria lililoungua, hataki kusimama naye foleni moja. "Nitenge naye, mjukuu wangu, hata kwa unene wa unywele." Sawa.

Wa mwisho Mwalimu wa Kwaya, tabasamu mpaka magego. Ombi lake ni kwamba waimbaji wawekwe pamoja, sauti zisitawanyike. Nusura nimkumbatie! Mwenyewe kaingia guniani, mwenyewe kakaza kamba! Furaha ilinizidi, kiasi kwamba alipoomba nimwazime ufunguo wa chumba cha juu, apime mwangwi tu, nikampa. Kaapa kuurudisha kabla ya jioni.

Sasa ni jioni. Labda mwangwi ni mrefu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Ramani imepita!

Nakiri si nzuri kuitazama. Kanda ya Pili, ambayo ni ya Baba, inaanzia kwenye paa (chumba changu nimekitia humo, kiwe mikononi mwa watu wetu kisheria, hakuna anayelala kule, hesabu haiharibiki), inateremka na bomba la mvua, inaingia jikoni kwa mlango wa bluu, inatokea dirishani, inauruka mlango wa kijani, inapita katikati ya kitanda cha mume na mke wa ghorofa ya tatu, na kuja kujipumzisha sebuleni kwetu, ghorofa ya pili. Kanda ya Tano, gunia, imejikunja ghorofa ya tano yote, halafu ina mkia mwembamba unaoshuka mpaka kona ya chumba chetu kumchukua Bibi. Doto kaniuliza kama ni mjusi aliyekanyagwa. Kurwa akasema ni mijusi miwili.

Maelezo nimeyaandika kwa lugha ya shule, ukurasa mzima, nikaubandika karibu na lifti. Lugha ile ina maneno marefu. Ukiyatandika vizuri yanafunika uchafu kama zulia. Watu walikuja, wakasoma, wakatikisa vichwa kama wataalamu. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye pekee asiyeelewa.

Isipokuwa Mkunga, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi. Mkutanoni alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole mpaka kitandani, akauliza mtu aliyelala juu ya mpaka ni wa kanda gani. Wote wananitazama. Koo likafunga. Nikakutanisha viganja, nikavilaza shavuni, kama mtu anayesinzia.

Mkunga akafikiri. "Unasema mto wa kulalia ulipo, ndipo kura ilipo?"

Nikaitikia kwa kope. Ikawa kanuni hapo hapo, mikono yote juu: utakapouweka mto wako usiku wa kuamkia uchaguzi, hiyo ndiyo kanda yako.

Kanuni fupi. Safi. Nimejivunia sana.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Watu wamegundua kwamba mto unabebeka.

Kaanza mke wa ghorofa ya tatu. Mwalimu wa Kwaya alipiga hesabu zake, akamwomba ahamie upande wa mumewe kitandani, aongeze kura Kanda ya Pili. Mume kuona hivyo, kalala kwa upana. Mke naye kalala kwa upana, miguu juu ya mume. Majirani wanasema hawajawaona karibu hivyo kwa miaka.

Kuanzia hapo ni vitanda tu. Vya mbao, vya chuma, kimoja cha mtoto kilichobebwa na mtoto ndani. Kinyozi anazunguka na tochi na futi ya kushonea, anapima vichwa vya watu viko wapi.

Baba alikasirika vibaya. Alisema kwenye ngazi, kwa sauti ya kusikika mpaka juu, kwamba huu ni uhuni, ni kuchezea sauti ya wakazi, ni aibu kwa jengo. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango, akaniuliza polepole kochi letu liko kanda gani. Kochi liko ya Pili. Jikoni ni ya Tatu. Baba anasema Kanda ya Pili ni ngome yake, haihitaji mtu zaidi, kwa hiyo watu wa mlango wa bluu amewaomba wahamie ya Tatu wakasaidie. Jioni nilimkuta akimweleza mwenye mlango wa kijani kwamba kuhamisha vitanda ni kinyume cha maadili. Mwenyewe alikuwa amebeba godoro kichwani.

Nilitaka kumwonya kuhusu ngome. Nilifikiria maneno. Nilipoyapata alikuwa ameshalala kwenye kochi.

Ufunguo bado. Kila nikimwona Mwalimu ananipungia mkono kwa furaha. Mtu akikupungia kwa furaha utamdai vipi?

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Godoro lililokuwa linapanda limekutana na godoro lililokuwa linashuka, kwenye kona ya ngazi za ghorofa ya tatu. Moja ni la watu wa Baba, jingine la Kwaya. Hakuna aliyekubali kupisha. Nilipotoka shule niliwakuta wanatukanana. Nilipotoka dukani walikuwa wameyalalia, kila mtu lake, wanapiga soga. Nilitaka kupanda kwenye paa, nikabaki chini. Niliona haya kuwaruka.

Kinyozi ana kitanda cha chuma na kabati, ngazi hazipitiki, akaamua kwamba atatumia lifti.

Lifti! Haijatembea tangu nikiwa darasa la pili. Kila uchaguzi ukikaribia Baba huahidi kuitengeneza. Huingia na spana, hugonga mpaka jengo zima lisikie, hutoka na grisi shavuni, hushinda. Grisi ni ile ile, kopo lake liko chini ya sinki. Leo kagonga kidogo, kwa mazoea tu, ili Kinyozi aone ameshughulikiwa. Ikapanda! Aliyeshtuka kuliko wote ni Baba. Ikapanda mpaka kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ikakata pumzi, na Kinyozi ndani, na kitanda, na kabati, na mto.

Sasa swali likaja kwangu mbio: Kinyozi ni wa kanda gani? Kichwa kiko juu ya sakafu ya tatu, mto uko chini yake! Wakanizunguka, Kwaya huku, watu wa Baba huku, wanafoka. Sauti ya Kinyozi inatoka ndani ya ukuta inaomba maji. Nikaitikia kwa kope. Wakaondoka wote, wameridhika. Hakuna anayejua nimeitikia nini. Hata mimi.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimekaa ngazini.

Kinyozi katolewa kwa kamba, karudishwa kwake ghorofa ya chini, anasema mle ndani palikuwa na amani. Nikaona wakati wote wanamtazama yeye, mimi niyaruke magodoro ya ngazini nipande juu. Ufunguo sina, lakini walau nisimame nje karibu na tangi nifanye mazoezi. Mtihani haungoji mtu.

Mlango ulikuwa wazi.

Magodoro! Ukuta hadi ukuta, mengine yamepandana. Sauti nzito upande wa dirisha, sauti ya kwanza chini ya balbu. Mwalimu wa Kwaya kalala chini ya meza yangu, mto wake juu ya tofali langu, kwa hiyo meza imeinama kama inayomwamkia. Mchana kweupe, wote wamejifunika shuka mpaka kidevuni, wanaimba.

Ndipo nikaelewa. Chumba hiki ni Kanda ya Pili. Nani kakiweka Kanda ya Pili? Mimi. Kwa mkono wangu, kwa rula. Wamehamia kwenye ngome ya Baba, ambamo Baba mwenyewe ameondoa watu wake.

Mwalimu akainua kichwa. "Karibu, binti! Tunalala." Akaongeza kwamba mwangwi ni wa ajabu, nimfikishie Baba shukrani.

Nilitaka kusema: tokeni, hapa ndipo ninapozungumza. Nilitaka kusema: naomba ufunguo wangu. Sentensi ilikuwa tayari imesimama mlangoni, imevaa viatu. Kilichotoka ni, "Lala salama."

Nikawazimia na taa. Kwa adabu.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Nitajaribu kueleza kwa utaratibu.

Asubuhi Mkunga alipita kila chumba, akaandika kila mto ulipo, kisha kura zikapigwa uani. Kanda ya Kwanza kashinda Kinyozi, mtu wa Baba. Ya Tatu kashinda binamu ya Baba, kwa kura za jikoni kwetu. Ya Nne imekwenda kwa Kwaya. Ya Pili, ngome, Mwalimu wa Kwaya kamwangusha Baba kwa magodoro ya paa. Baba alishika kichwa. Wawili kwa wawili. Kikabaki kiti kimoja: Kanda ya Tano. Gunia langu. Kanda niliyowazawadia Kwaya mwenyewe!

Mwalimu akaanza kupokea pongezi. Nikaona meza yangu inakwenda, tofali linakwenda, mtihani unakwenda.

Mkunga akafungua sanduku la Kanda ya Tano. Karatasi moja.

Moja! Gunia tupu! Waimbaji wote walikuwa wamehama kwenda kusaidia kanda nyingine, kila mmoja akiamini wenzake wamebaki. Hata mgombea wao alilala juu ya paa, jina likafutwa. Mto pekee uliokutwa Kanda ya Tano ni wa mtu ambaye hajawahi kusogezwa na binadamu yeyote kwa sababu yoyote: Bibi. Alipopewa karatasi aliandika jina lake mwenyewe. Anasema hakuona mwingine wa kumwamini. Amechaguliwa kwa kura zote.

Baba akaruka mpaka kofia ikadondoka. Mama yake mzazi! Tatu kwa mbili! Nami nikaruka, kwa ndani. Chumba kimerudi! Bibi akaomba kiti, akaketi, akakunja khanga yake vizuri, na mimi nikajua mambo yameharibika.

Akasema kwamba kwake, tangu watoto wake wakiwa wadogo, anayekata mkate huchagua mwisho, na ndiyo maana vipande vilikuwa vikitoka sawa. Nyinyi, akasema, mmempa mtoto kisu, mkampa mkate, kisha mkapanga foleni sikioni kwake, kila mtu na kipande chake. Na mimi, akasema, nilikuwa kwenye foleni, sijifichi. Leo mnashangaa mkate umeota mkia. Baba akajaribu kusema, "Lakini Mama..." Akaambiwa afute kwanza grisi shavuni, lifti haijatengenezwa. Mwalimu akacheka. Akaulizwa mwangwi umeshapimika au bado.

Kura yake ni hii: uchaguzi ufutwe. Kanuni ya mito ifutwe, kila mtu arudi kitandani kwake. Mipaka ichorwe na watu wa jengo la jirani, ambao hawafaidiki chochote nani akishinda, wala hawajui kati yetu nani anakoroma. "Mimi nakoroma," akasema, "lakini wao hawajui."

Kisha Kinyozi akapiga makofi, halafu mlango wa kijani, halafu wote, hata wale wawili wa magodoro ya ngazini. Nadhani walikuwa wamechoka migongo.

Ningesalimika, lau si Mkunga. Alikuja mpaka nilipojificha nyuma ya viti, mbele ya watu wote, akauliza: binti, kitu gani kiliupeleka mstari mpaka kwenye chumba cha juu? Macho ya jengo zima. Nikasubiri koo lifunge.

Halikufunga! Likafunguka! Sentensi yangu ya kwanza hadharani tangu nizaliwe, safi, imekamilika, inasikika mpaka getini:

"Penseli iliteleza."

Mkunga alivua miwani. Na Baba akanitazama kama ambavyo hajawahi kunitazama, macho yamelowa. Akamgeukia Mwalimu wa Kwaya, akamwambia, "Unaona? Damu yangu hii."

Jumanne, tarehe 18 Machi

Wachoraji wa jengo la jirani wamekuja, akina mama wawili na mzee mwenye mkongojo. Walianza mlango wa chini kabisa, wakapanda ngazi, wakahesabu vichwa, wakifikisha idadi wanapiga mstari. Hawakuuliza nani anamsalimia nani. Walimaliza pasi ya Mama haijapata moto. Mama hakusema kitu. Alipiga pasi tu, kwa namna ya mtu anayesema.

Ramani mpya haifanani na mnyama yeyote. Inachosha kuitazama. Na jambo la kutisha: hakuna anayejua nani atashinda! Baba anasalimia mpaka mlango wa kijani. Jana aliingia kwenye lifti, nikasubiri kusikia kugonga, sikusikia kitu, nikachungulia. Alikuwa anaitengeneza! Mwalimu wa Kwaya naye amepita kwa majirani kuuliza saa zipi wanapumzika, waimbe chinichini. Sijui watu watavumilia maisha haya mpaka lini.

Chumba cha juu, mpaka kamati mpya ipatikane, kimewekewa zamu. Kila anayetaka kachagua saa yake. Aliyekata amechagua mwisho. Nimebakiwa na saa ambayo pampu inajaza tangi, na pampu ile inanguruma kama lori. Nisipopiga kelele hata mwenyewe sijisikii. Jana nimepiga kelele ukurasa mzima wa lugha ya shule. Nilipomaliza, mtu ghorofa ya tano akaitikia, "Amina!"

Jumatano, tarehe 19 Machi

Hodi mlangoni. Mzee wa mkongojo. Jengo lao nalo lina uchaguzi, mipaka yao imepitwa na wakati, na kwa kuwa wao wamechora yetu, ni haki sisi tuchore yao. Wanaomba mtu asiye na upande kule kwao.

Nilitegemea Mkunga atacheka. Hakucheka. Alisema kanuni ni kanuni: binti hana ndugu kule, hana rafiki, hana anachokitaka. Hata fisi ni mlinzi mzuri, alimradi duka ni la mboga. Bibi alinitazama kwa muda mrefu. Nikaitikia kwa kope kabla hajasema kitu.

Nimekwenda kuliona jengo. Nimepita mlango kwa mlango, safari hii nikibisha hodi. Watu wema. Wakimya. Hawanijui na siwajui, nitawachorea kama Mama alivyosema, kutoka chini kwenda juu, bila kutazama kulia wala kushoto.

Ila chini ya ngazi zao kuna kachumba. Kana mlango, kana dirisha, meza ya miguu yote minne. Hakuna pampu. Hakuna kwaya. Nilisimama ndani, nikafunga mlango, nikasema sentensi moja ya lugha ya shule, na sauti ikarudi tamu kama asali. Nimeuliza kako chini ya nani. Kako chini ya kamati. Mjumbe wa sasa anakataka aweke baiskeli. Kuna mama mmoja ghorofa ya pili, mpole, angenipa bila neno, lakini kwake kura hazitoshi.

Zingetosha mstari ukipinda. Kidogo tu, pale kwenye kona ya ngazi. Si mkia. Ni kama kiwiko.

Nimechonga penseli. Inateleza vizuri.